Bwana Huenda

Watu wengine wakikutembelea huuliza habari za watoto, ng'ombe na mvua. Yeye aliuliza habari za milango. Alikuwa anasimama uani, gambuti zake zimejaa matope, hajapewa hata kiti, na kabla hujamaliza kumsalimu chamgei anauliza, "Milango inafunga?" Mara ya kwanza nilidhani anatuogopea wezi. Nikamwambia kwetu mwizi ni ngedere tu, na huyo anataka mahindi. Akatikisa kichwa, akaenda mwenyewe kwenye mlango wa jikoni kwa mama yangu, akaufungua, akaufunga, akaufungua tena, akainama kutazama chini yake kama mtu aliyeangusha sindano. Mama alikuwa ndani anasonga ugali. Akaniuliza kwa Kikipsigis huyu mtu ana shida gani.

Tulimwita Profesa, ingawa mwenyewe hakulitaka jina hilo. Aliposimama mara ya kwanza kwenye baraza la chifu, alisema yeye si profesa bado, ni daktari wa chuo kikuu, na amekuja kuchunguza ardhi inayoporomoka ili watu wajue mapema na hasara ipungue. Katika maneno hayo yote, lililosikika ni daktari. Baraza lilipoisha alikuta foleni mbele yake: huyu mgongo, yule macho, na mama yangu na goti lake. Alieleza kwamba yeye ni daktari wa udongo. Wengine walirudi nyumbani wakinung'unika, lakini mama alimwonyesha goti vilevile, kwa kuwa alikuwa amekwisha kupanga foleni. Akalitazama kwa heshima, akamwuliza anaishi wapi. Mama akanyoosha mkono kuonyesha nyumba yake chini ya mlima. Hapo hapo Profesa akalisahau goti. Ndivyo alivyoingia katika maisha yetu, na tangu siku hiyo sikupumzika.

Kwetu ni upande wa Sigowet, pale nchi ya majani chai inapoanza kuteremka kuelekea bondeni. Mimi nimejenga juu, kando ya barabara, na nina duka dogo la dawa za mifugo. Mama alikuwa chini, katika nyumba aliyojengewa na marehemu baba, mlima ukiwa mgongoni na mto mbele, na majani chai waliyopanda wawili hao yakishuka kutoka juu mpaka ukutani. Ni mahali pazuri. Hata Profesa alisema ni pazuri, kisha akaongeza kwamba pazuri na salama ni maneno mawili.

Chifu alinichagua niwe mkalimani wake, kwa sababu nilikuwa nimesoma na siku hiyo duka lilikuwa limefungwa. Profesa alikuwa mtu wa upande wa Kisii na hakujua Kikipsigis, na Kiswahili chake kilikuwa cha vitabu. Wazee wetu wana Kiswahili cha sokoni, cha kuuza ndama. Mgongano ulikuja siku ile ile ya kwanza.

"Mlima huu," alisema Profesa, "huenda ukateremka."

Mzee mmoja aliyekaa mbele akainua fimbo yake. "Huenta wapi?"

"Samahani?"

"Umesema mlima huenta. Mimi nauliza, huenta wapi? Iko na miguu?"

Baraza lilicheka mpaka mbwa wakabweka. Nikajaribu kueleza kwamba huenda maana yake ni labda, ni pengine. Mzee akasema kama ni labda, aseme labda, asisumbue watu na mlima unaotembea. Kuanzia siku hiyo, nyuma ya mgongo wake aliitwa Bwana Huenda, na nadhani alijua.

Ningemsamehe kama angelitumia neno hilo siku moja. Alilitia kwenye kila kitu kama chumvi. Ukimwuliza kama atarudi wiki ijayo, huenda. Ukimwuliza kama chai imemtosha, huenda aongezwe kidogo. Mwaka mmoja aliuacha mlima akafuatilia mvua ya mawe, ile inayochanachana majani chai mpaka shamba linabaki vijiti. Nilifurahi, nikasema hili sasa ni jambo la faida kwa mkulima. Nikamwuliza itaanguka lini.

"Huenda alasiri."

"Alasiri ya siku gani?"

"Msimu huu, alasiri nyingi zina uwezekano."

Nikamwambia hata kuku wangu wanajua mvua ya mawe ni ya alasiri. Akasema ni kweli, kisha akauliza kwa bidii kabisa hao kuku huingia bandani saa ngapi. Unamfanyaje mtu kama huyo? Ukimkasirikia anakushukuru kwa maelezo.

Siku moja nilishindwa kujizuia. Tulikuwa jikoni kwa mama, anakula ugali na mboga kama hana haraka na dunia, na mimi nimetoka kumtafsiria asubuhi nzima kwa watu waliokuwa wakinicheka mimi badala yake. Nikamwuliza kwa nini hawezi kusema jambo moja kwa moja, ndiyo au hapana, kama watu wengine.

Akaosha mikono kwanza. "Mkalimani, nikisema mlima utaanguka Jumanne, na Jumatano ifike ungali umesimama, Alhamisi nitamwambia nani?"

Nikaondoa sahani kwa kelele.

Mtu huyu aliyeogopa kila kitu kwa niaba yetu, yeye mwenyewe hakujiogopea hata kidogo. Gari lake aliliegesha chini ya mikaratusi siku za upepo. Alivuka mto uliojaa kwa miguu, viatu mkononi, ili akapime umejaa kiasi gani. Nilimsindikiza mara moja mpaka shule fulani kule Ndanai, akafundishe watoto habari za radi. Alifundisha vizuri, lazima niseme. Aliwaambia ukikutwa na radi uwanjani usikimbilie mti, chuchumaa, unganisha miguu, subiri. Watoto walirudia kwa sauti moja. Tulipotoka, mvua ikatukuta katikati ya uwanja, radi ikalia, na Profesa akajifunika koti kichwani akakimbia moja kwa moja hadi chini ya mti. Shule nzima ikajaa madirishani kumpigia kelele, "Mwalimu, toka hapo! Mwalimu, toka!" Alitoka, akachuchumaa uwanjani peke yake na mvua ikimnyeshea, miguu ameiunganisha. Njiani aliniambia kwamba somo lilikuwa limeeleweka.

Na kuna habari ya kipima mvua. Alimwekea mama kimoja uani, chombo kirefu cheupe, chembamba, kimefungwa kwenye nguzo. Akamwomba asikiguse, mwanafunzi wake wa chuo kikuu angekuja kukisoma kila wiki. Nilitafsiri neno kwa neno. Mama akasema sawa, akashukuru, kongoi. Baada ya wiki kadhaa mwanafunzi akaja kwangu ana wasiwasi: maji ya mvua ya kwa mama ni meusi. Profesa mwenyewe akaja mbio. Akachukua maji katika vichupa, akatazama moshi wa kiwanda cha majani chai ng'ambo ya bonde, akauliza upepo unavuma kutoka wapi, akaenda mpaka Chebunyo kutazama kama na huko kwa wafugaji mvua ni nyeusi. Huko hata mvua yenyewe haikuwepo.

Mwishowe nikamwuliza mama kama kuna mtu amechezea kile chombo. Akakasirika. Kuchezea? Yeye amekitunza. Ameona wageni wameleta sotet yao, kibuyu chao, lakini chafu, chenye kutu shingoni. Kwa hiyo amekiosha, akakifukiza, akakipaka masizi ya mti wa senetwet ndani vizuri, kama anavyotayarisha vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Alikuwa anangoja tu waseme lini wanaleta maziwa.

Nilitamani ardhi iporomoke wakati huo inimeze. Profesa akaniambia, "Mwambie Mama kosa ni langu. Nilisema asiguse, sikusema ni cha nini." Akanywa mursik vikombe viwili, akamsifu mpishi. Kuanzia hapo mama alimpenda kama mtoto wake, mtoto yule asiye na akili sana.

Sasa nirudi kwenye milango. Mlango wa jikoni kwa mama ulikuwa ukigoma kila msimu wa mvua. Fundi anakuja, anapiga randa, unafunga. Mvua ikirudi, unagoma tena. Mama alisema fundi ni mwizi, anatumia mbao mbichi. Profesa alikuwa akisikia hivyo anafumba macho. "Mama, nyumba ikisogea, mlango ndio wa kwanza kulalamika."

"Nyumba yangu haisogei," mama alisema. "Ni huyo fundi."

"Huenda ni fundi," alisema Profesa. "Huenda ni mlima."

"Umeona?" mama akanigeukia. "Hata yeye amesema ni fundi."

Hivyo ndivyo nilivyoishi, katikati ya mama asiyetaka kusikia na msomi asiyetaka kusema. Nilikuwa nimeshaanza kuogopa. Kila mvua ikinyesha usingizi ulinipaa, nikisikiliza upande wa chini. Nilimwomba mama apande akae kwangu. Akaniuliza kama Profesa amesema mlima utaanguka. Nikasema amesema huenda. Akasema basi huenda hautaanguka, lete chumvi.

Kisha ukaja ule mwaka wa mvua isiyokatika. Profesa alifika kwa miguu, gari amelikwamisha kwenye tope karibu na kituo cha kununulia majani. Hakuuliza milango. Alipita moja kwa moja hadi kwenye majani chai nyuma ya nyumba, akapanda, akapotelea kwenye ukungu. Nikamfuata. Huko juu, katikati ya miti ya chai, ardhi ilikuwa imefunguka ufa mrefu ambao mguu wangu wa gambuti uliingia. Aliutazama, kisha akashuka karibu anakimbia.

Mama alikuwa mlangoni. "Chamgei, Profesa. Nakuambia mapema, haufungi."

"Mama, toka."

"Nini?"

"Toka kwa hii nyumba. Leo. Sasa."

Nilisubiri huenda. Nilikuwa nimeshaizoea, kama mtu anavyosubiri amina mwisho wa sala. Haikuja. Hilo lilinitisha kuliko ufa wenyewe.

Mama naye alitishika. Alinitazama, akamtazama, akaenda kushusha vibuyu vyake. Tulimpandisha siku hiyo hiyo na ng'ombe na kuku na kitanda, Profesa akiwa amebeba kuku mmoja kila kwapa. Nyumba ikabaki na mlango wazi. Jirani wote wakasimama barabarani kutazama mlima utakavyoanguka.

Mlima haukuanguka.

Mvua ilinyesha tena siku kadhaa, ikachoka, jua likatoka. Profesa alikuja na wanafunzi, wakajaza ufa udongo, wakachimba mitaro ya kupeleka maji kando, wakapigilia mabomba ardhini. Mlima ukakaa vilevile, kijani, mzuri. Na sisi tukawa kichekesho. Yule mzee wa fimbo alisema sokoni, mbele yangu, "Maisha yake yote anasema huenta, huenta. Siku moja tu ameacha kusema, na hiyo ndiyo ametanganya."

Mama alikaa kwangu kwa nguvu, maana nilikataa kumrudishia vitu. Nilipata adhabu yangu. Maji ya tangi yana ladha ya mabati. Magari ya barabarani yanamvuruga. Ng'ombe wangu hawana adabu. Moto wa mke wangu hauwaki vizuri, ingawa hilo alilisema mke wangu akiwa kisimani. Alinilaumu mimi, akamlaumu Profesa, akamlaumu fundi. Mlima peke yake ndio haukulaumiwa.

Profesa, ambaye angeweza kuacha kuja, aliendelea kuja. Hilo ndilo sikulielewa kwake. Mtu aliyeshindwa miaka yote kusimama upande mmoja wa neno, alikaa wima kwenye kiti changu akapokea matusi ya mama mpaka yalipoisha. Hakujitetea. Hakusema huenda mlima ungeanguka kama tusingechimba mitaro, ingawa hiyo ndiyo huenda pekee ambayo ningependa kuisikia. Alisema, "Ni kweli, Mama," akauliza kama kuna mursik. Mama akampa, tena ya kibuyu kizuri, huku anaendelea. Baadaye alistaafu, na tukakaa muda mrefu bila kumwona.

Mwaka huu mama aliamua kurudi. Hakuniomba ruhusa. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta amekwisha kuzungumza na fundi, yule yule mwizi, atengeneze nyumba ya chini, aweke fremu na mlango mpya. Atahamia kabla ya mvua. Nikasema, nikabembeleza, nikapandisha sauti, jambo ambalo si la kumfanyia mama. Nikamwambia ule ufa niliutia mguu mimi mwenyewe. Akasema mguu wangu umekuwa ukiingia mahali pasipotakiwa tangu utotoni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kijana yangu, mimi nataka kufa kwangu." Nilitoka nje nikasimama na ng'ombe, kwa kuwa hasira yangu ilikuwa imegeuka kitu kingine na sikutaka aone.

Asubuhi moja wiki iliyofuata boda boda ikasimama mbele ya duka. Abiria akashuka polepole, na fimbo. Amekonda, nywele nyeupe, gambuti ni zile zile. Sikuwa nimemwita, na ningelijua namba yake huenda nisingempigia. Akanitazama akasema, "Mkalimani. Milango inafunga?"

Mama alimsikia kutoka jikoni. "Ya chini ndiyo inawekwa leo," akaita. "Twende uone! Twende nikuonyeshe nyumba yako ya kuanguka!"

Hakuwa ameshuka kule tangu siku tuliyomtoa, kwa sababu ya goti. Siku hiyo alishuka, ameshika bega langu, anasimama kila baada ya hatua chache kunipumulia sikioni. Profesa alitangulia na fimbo yake. Tulipofika, fundi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mlango mpya umelazwa chini, anafuta jasho.

"Mama, hii mlango haina shida," alisema kabla hajaulizwa. "Fremu nimeweka juzi, nimeweka sawa, na pimamaji. Leo imelala. Juu inaenda huku, chini inaenda huku. Mimi sijui."

"Mbao mbichi!" mama akasema. "Mwizi wewe!"

"Mama, haki ya Mungu, hii mbao ni kavu."

Mama akamgeukia Profesa, mikono kiunoni. "Na wewe sema. Leo usiniletee huenda yako. Nirudi ama nisirudi?"

Niliangalia chini. Nilijua jibu, nimelitafsiri nusu ya maisha yangu.

"Usirudi," alisema.

"Mwaka ule ulisema toka, mlima ikakataa."

"Ndiyo."

"Na leo ikikataa tena?"

"Utanitukana, Mama, kama kawaida. Lakini isipokataa, hutakuwa na mdomo wa kunitukana."

Mama alifungua huo mdomo, na hakuna kilichotoka. Akageuza uso kama mtu anayetafuta shahidi, akatazama juu, kwenye majani chai yake. Akatazama sana. Ile mistari waliipanda yeye na baba kwa kamba ya katani, baba akivuta huku, yeye akivuta kule, wakigombana mpaka kamba inyooke. Hadithi hiyo nimelelewa nayo. Mimi ninachuma pale kila wiki na sikuwahi kuona kitu, maana mtoto unayelala naye humwoni akirefuka. Yeye alikuwa ameiacha miaka. Nikafuata macho yake. Mistari ilitoka juu imenyooka, ikafika pale palipokuwa na ufa, na kuanzia hapo yote, mmoja baada ya mwingine, ilikuwa imepinda kuelekea mtoni.

"Nani amepinda laini zangu?" aliuliza.

Fundi alitoa kofia.

"Kumbe inatembea," mama akasema taratibu. "Mlima inatembea." Kisha sauti ikamrudia yote, akamgeukia Profesa na kidole. "Na wewe! Miaka yote unakula ugali yangu, unakunywa mursik yangu, kwa nini hukusema mlima huenda?"

Profesa aliegemea fimbo yake. "Mama," alisema, "ndivyo nilivyokuwa nikisema."

Fundi ndiye aliyecheka kwanza, akanyamaza haraka. Mama hakucheka. Alimwamuru fundi aubebe mlango apandishe juu, na kesho aje ang'oe mabati, atajengewa jiko lake mwenyewe karibu na barabara, mbali na mke wa mtu. Akaenda akaushika ukuta wa nyumba ya baba kwa kiganja, akakaa hivyo kidogo, akaondoka bila kufunga chochote.

Tukaanza kupanda. Fundi mbele na mlango kichwani, Profesa nyuma yake na fimbo, halafu mama, na mimi nyuma kabisa nikimsukuma. Alimtukana Profesa njia nzima, kwa Kiswahili, na Kiswahili kilipokwisha akaendelea kwa Kikipsigis, na Profesa kila mara akageuka kuniuliza amesema nini. Sikutafsiri. Nilisukuma tu, nikimsikiliza, nikiomba asinyamaze.